Hatua Kumi Kutoka Jikoni Hadi Ukuta Uliolowa

Mama Lusajo alinipigia simu Jumatano mchana, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita, na safari hii hakuanza na salamu ndefu kama ilivyo kawaida yake. Alisema, "Mwalimu, babu yake Lusajo ametutoka. Njoo Makwale. Kuna neno la kupeleka." Nikamwambia nitafika kesho asubuhi, nikaweka kalamu chini. Mwenzangu wa meza ya jirani akauliza kama ni msiba wa ndugu. Nikamweleza kwamba ni fundi ujenzi, mzee wa miaka tisini na kitu, baba mkwe wa rafiki yangu, na kwamba mwaka wangu wa kwanza kazini niliishi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Akanipa pole, kisha akanitazama kwa mashaka, maana machozi yalikuwa yananitoka huku natabasamu. Kengele ililia kabla sijamweleza. Hapa nina nafasi, basi nitaeleza polepole, kwa sababu mwaka ule ulinifundisha kazi yangu kuliko hata chuo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikulia mjini Kyela, nyuma ya duka la vitenge, na Kinyakyusa nilikijua cha kuulizia bei tu. Nilipopangiwa kufundisha Makwale, mwalimu mkuu alinipeleka mwenyewe hadi kwenye nyumba mpya iliyokuwa imehamiwa miezi mitatu tu kabla yangu. Naiona hadi leo: plasta laini, chokaa nyeupe, bati linalong'aa hadi unafumba jicho, na ndani sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka kuku akipita anateleza. Ilikuwa na vyumba vitatu na sebule. Mume wa Mama Lusajo, Ipyana, alikuwa Kilombero akiendesha lori la miwa, na mwenye nyumba halisi wa kila siku alikuwa yeye, mwanamke wa rika langu, mwenye watoto wawili na sauti ya chini. Nilipewa chumba cha nyuma kinachotazama mikakao. Siku ya kwanza alinionyesha chungu kipya, chekundu, alichonunua sokoni Lyulilo kwa ajili yangu, mgeni wake Mwislamu. "Hiki ni cha Mwalimu," akasema. "Hakijawahi kumwona nguruwe hata kwa mbali." Ndani yake alinipikia samaki mbasa wa Matema kwa nyanya na bilimbi, na wali mpya ambao harufu yake ilinipokea tangu uani. Nimekula vyakula vingi tangu siku ile, ila nikiulizwa heshima ni nini, nakikumbuka kile chungu.

Wiki ya pili niliona jambo ambalo nililidhania ugomvi. Kila Jumapili baada ya ibada, kikohozi kilisikika njiani, kikavu, mara mbili. Mama Lusajo alikuwa anaacha chochote alichoshika, anajitanda kanga kichwani na kutokea mlango wa nyuma hadi jikoni, kijumba kidogo cha mabanzi kilichokuwa hatua kumi kutoka dirisha la chumba changu. Kisha mlango wa mbele ulijaa mzee mrefu mwenye kofia ya kahawia, Fundi Asegelile, pamoja na wazee wawili au watatu wa kanisa. Waliketi sebuleni. Mzee alipiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe wake, akasema, "Huu hautatikisika hata mimi nikiwa udongo." Chai ililetwa na mtoto. Mama Lusajo hakuonekana mpaka mzee alipokwisha kuondoka. Nikamuuliza wamegombania nini. Alicheka hadi akashika nguzo ya jiko. "Hatujagombana, Mwalimu. Ninamtila. Ni baba mkwe wangu. Sikutani naye njiani, simtazami usoni, siongei naye, na jina lake silitamki. Ndivyo tunavyoheshimu huku." Ndiyo maana hadi kwenye simu juzi alimwita babu yake Lusajo. Siku zile wapo waliokwisha kulegeza desturi hiyo, lakini yeye aliishika kwa uangalifu, na si kwa woga. Mzee naye aliishika vilevile. Kile kikohozi cha njiani kilikuwa chake, cha kumpa nafasi ya kuondoka bila kukimbia.

Mvua za Machi Kyela hazihitaji kuelezwa kwa anayezijua, na asiyezijua hatasadiki. Zilinyesha siku tisa. Siku ya kumi nilivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, nikakuta limeota ukungu wa kijani kama manyoya ya kifaranga, na ndani, cheti changu cha ualimu kilikuwa na doa la kahawia kuanzia pembeni hadi kwenye muhuri. Nililia kidogo. Kisha nikachuchumaa nikatazama ukuta. Kwa urefu wa kifundo cha mguu chokaa ilikuwa imevimba malengelenge, na nilipolibonyeza moja likapasuka likamwaga unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Nilitazama dari: kavu. Dirisha: kavu. Jumapili iliyofuata niliamka mapema, nikamkuta Mama Lusajo amepiga magoti sebuleni na brashi ya chokaa, anapaka sehemu ya chini ya ukuta, haraka haraka, huku magunia ya mpunga yakiwa yamesogezwa kando. Alipomaliza aliyarudisha palepale kuficha rangi mbichi. Tulitazamana. "Unajua," nikamwambia. Akasema, "Atakuja na wageni, Mwalimu. Huu ukuta ndio fahari yake." Kumbe alikuwa akipaka kila Jumapili tangu mvua zianze. Hakuficha kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa anamsitiri mzee.

Nieleze kwa nini jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko harufu na ukungu. Nyumba nyingi za kwetu hujengwa kwa matofali ya kuchoma, yaliyochomwa kwa pumba za mpunga, na kati ya tofali na tofali hutiwa udongo, si saruji. Saruji huja mwisho, kama koti, ndiyo plasta. Koti likiwa kavu nje, huwezi kujua kilichomo ndani. Maji yakipanda kutoka chini, udongo ule unarudi kuwa tope, na ukuta unasimama kwa mazoea tu. Niligonga karibu na kitanda changu kwa kifundo cha kidole nikasikia mvumo, kama mtu anagonga debe. Upande wa pili wa ukuta uleule ndipo watoto wawili walipolala. Nyumba ile ingeanguka, ingewaangukia wao. Na hata isipoua mtu, Mama Lusajo angeishia kulala katika kijumba cha jikoni, na mzee angeitwa fundi aliyewajengea wajukuu wake kaburi. Hayo mawili ndiyo yaliyoninyima raha.

Nilianza na kile ninachokijua, yaani kumwonyesha mtu jambo badala ya kumwambia. Nilikata kipande cha nailoni ngumu, nikakilaza sakafuni chumbani, kingo zote nikazibandika kwa selotepu, nikamwambia Mama Lusajo tusubiri hadi kesho. "Matone yakikaa juu ya nailoni," nilimweleza, "ni hewa ya mvua imeingia dirishani. Yakikaa chini yake, maji yanatoka ardhini." Asubuhi tuliinama pamoja. Chini ya nailoni matone yalikuwa yamejipanga kama shanga. Akasema, bila kunitazama, "Nilijua tangu siku walipopiga kamba ya msingi."

Hapo ndipo nilipoisikia habari nzima. Kabla ya nyumba, kiwanja kile kilikuwa shamba lake la magimbi. Alililima miaka minne. Alijua kwamba kona ya nyuma, chini ya mkakao mkubwa, ardhi hutoa maji mvua zikikolea, na huendelea kutoa mpaka mpunga unapovunwa. Kiangazi huwezi kuona chochote, panakauka kama pengine popote. Na Fundi Asegelile alipima kiwanja kiangazi. Alikuwa pale kutwa nzima, siku zote, na kamba na vigingi vyake, kwa hiyo mkwewe asingeweza kukanyaga pale, sembuse kunyoosha kidole. Alimwandikia Ipyana; barua ilifika msingi ukiwa umekwisha kujazwa. Alimtuma wifi yake: amwambie mzee nyumba isogezwe mbele hatua nane, kwa sababu nyuma pana maji. Wifi akasema nusu. "Baba, anataka nyumba isogee karibu na barabara." Mzee akacheka mbele ya mafundi wote: "Anataka wapita njia wamwone anavyofagia?" Ujumbe ulifika, sababu yake ikabaki njiani. Baada ya kicheko kile hakurudia tena.

Nikasema basi nitakwenda mimi, kwa kuwa hakuna desturi inayonizuia. Nilikuwa na haraka ya ujana, nikaharibu. Nilimkuta mzee barazani kwake anakula ndizi za kuchemsha. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee," akaitikia vizuri, akanisogezea kigoda, na mimi nikafungua kinywa nikamwambia nyumba yake ina unyevu na ukuta umeoza ndani. Aliendelea kumenya ndizi. "Mwalimu," akasema, "wewe unafundisha watoto herufi. Mimi nimejenga kanisa, na mvua imelipiga miaka kumi na moja. Ukilala, funga dirisha." Binti yake, yuleyule wifi, akaangua kicheko kule ndani. Nilirudi nyumbani nimeiva masikio. Mama Lusajo alinipakulia chakula, akasema kwa upole, "Ulimwambia. Wewe mwenyewe huwa unasema watoto wasiambiwe, waonyeshwe."

Siku nne nilifikiri. Ya tano nilirudi, safari hii na ombi. Nilimwambia darasa langu linajifunza vifaa vya ujenzi, nami sijui kitu, ningependa anifundishe jinsi fundi anavyosikiliza ukuta. Haikuwa hila tupu, nilitaka kweli kujua. Uso wake ulifunguka. Alichukua mwiko wake akanifuata, akakohoa mara mbili tulipokaribia, na nikaona kanga ikipotea kuelekea jikoni. Mvua ilikuwa nyepesi. Alianza sebuleni, juu, akigonga kwa mpini. "Sikia. Tofali iliyoiva inajibu kama kengele. Hiyo. Na hiyo. Sasa wewe." Nikagonga, akatikisa kichwa kukubali. Tulizunguka hivyo hadi chumbani kwangu, mimi nikishuka chini kidogo kidogo, naye akinifuata kwa sikio. Nyuma ya kitanda mpini ulitoa sauti nzito isiyo na jibu. Alisimama. Akaninyang'anya mwiko, akagonga mwenyewe, akasogea, akagonga, akapiga magoti na kofia yake kichwani. Nikamwonyesha nailoni na matone yake ya chini. Aliigeuza mara mbili. Kisha akaketi juu ya kitanda changu, jambo ambalo mzee yule asingelifanya siku nyingine yoyote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tangu lini?"

Nilitoka nikaenda jikoni, hatua kumi, kwenye mvua. "Anauliza tangu lini." Mama Lusajo alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa mabanzi. "Mwambie tangu wiki ya kwanza ya mvua." Nikarudi, nikasema. "Muulize maji yanatoka upande gani." Nikaenda. "Mwambie chini ya mkakao mkubwa, yanashuka kuelekea majaruba ya mpunga." Nikarudi. Safari ya tatu viatu vilijaa matope nikavivua. Safari ya nne, sauti zao zilikuwa zimepanda, na kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake waziwazi kupitia dirisha. Lakini hakuna aliyejibu kabla mimi sijafika, nikasimama, nikayasema yale maneno kwa kinywa changu, nikitweta. Waliningoja. Nilielewa pale kwamba mimi ndiye niliyeiwezesha desturi yao na wale watoto kubaki salama kwa wakati mmoja, nikaacha kuona aibu ya kukimbia peku.

"Muulize kwa nini hakusema."

Nilikwenda. Mama Lusajo aliutazama moto. "Mwambie nilisema."

Nilirudi, nikasema. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye gauni langu. Mzee akavua kofia. "Mwambie ni kweli, alisema. Nami nilicheka. Mwambie sasa nitabomoa, na kwamba nitafuata atakapoonyesha."

Nimewahi kuona watu wakubwa wakikiri makosa kwa maneno mengi yanayozunguka. Mzee Asegelile hakuzunguka. Jumapili iliyofuata alikuja na wazee wake kama kawaida, wakanywa chai, kisha akayavuta magunia ya mpunga kwa mikono yake na kupiga plasta kwa nyundo. Koti lilianguka kipande kizima. Nyuma yake udongo ulichuruzika kama uji. Mzee mmoja wa kanisa akatania, "Asegelile, ukuta wako umepikwa vibaya." Akajibu, "Mpishi ni mimi. Sogea, usichafue viatu." Aliwaeleza wote, tofali kwa tofali: hakuweka nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi kwa sababu aliamini ardhi ni kavu, na aliamini ni kavu kwa sababu hakumuuliza aliyekuwa akiilima.

Kazi ilichukua hadi mavuno. Kabla ya ukuta ilibidi maji yahamishwe njia, na njia hiyo aliijua mtu mmoja. Mzee alitangaza kwamba asubuhi atakuwa shambani kwake, asionekane. Basi asubuhi Mama Lusajo alitoka na vigingi na kamba ya katani, akapita nyuma ya nyumba akikanyaga kwa nyayo tupu, akisimama, akirudi, kama mtu anayetafuta sindano kwa miguu. Alichomeka kigingi cha kwanza chini ya mkakao, akapinda kona ambayo mimi nisingeipinda, akashuka hadi kwenye jaruba. Mchana alijifungia jikoni, na mzee akaja na vijana wawili wakachimba mtaro palepale kwenye kamba, kina kupita msingi. Kwenye kona ile kijana mmoja alitaka kunyoosha. "Acha," mzee akasema. "Aliyepiga kamba ana sababu." Futi moja zaidi chini, maji yakatokea yanabubujika mchangani, safi kabisa. Waliujaza mtaro matofali yaliyoungua mno tanuruni, yale magumu yasiyotakiwa na mtu. Kisha ukuta: aliondoa kozi za chini, yaani safu za matofali, kipande cha hatua moja tu kwa wakati, akaweka tofali ngumu na saruji na nailoni, akasubiri zishike, ndipo akasogea. Wiki baada ya wiki. Asubuhi yake yeye, mchana wake mzee, hawakukutana hata mara moja, na nyumba ikawa yao wote wawili. Mimi nilibeba maneno. "Mwambie hapo pana mzizi." "Mwambie nimeuona, ndaga fijo." Ndaga ni asante, na fijo ni sana, na mzee hakuwa mtu wa kusema sana juu ya kitu chochote.

Mvua zilizofuata, kabla mwaka haujaisha, tulilaza tena nailoni. Ilikuwa kavu juu na chini, na mpunga wa jaruba lile, lililopata maji yetu, ulichipua kuliko wa majirani. Nilihamishwa mwishoni mwa mwaka ule. Cheti changu bado nimekitundika ukutani na doa lake, na wanafunzi wakiniuliza nawasimulia. Lakini fahari yangu kubwa ni nyingine. Tangu mwaka ule, na hili nimelisikia kutoka kwa mafundi wa hadi Matema, Mzee Asegelile hakupiga kamba ya nyumba yoyote kabla ya kuuliza, "Nani analima hapa?" Na akiambiwa ni mama fulani, alitafuta mtu wa kumpelekea swali, akaketi kusubiri jibu lote, pamoja na sababu yake.

Alhamisi nilifika Makwale. Jeneza lilikuwa sebuleni, wanawake wameketi mikekani wameegemea ukuta uleule. Nilipopenya kukaa nikaugusa kwa mgongo wa kiganja, chini, kwa urefu wa kifundo cha mguu. Ulikuwa mkavu. Mama Lusajo alikuwa chumba cha nyuma, kilichokuwa changu, nywele zimekuwa nyeupe, kanga kichwani. Watu walianza kupita kuaga, mmoja mmoja. Yeye hakuinuka. Alinishika mkono akanivuta karibu, akaninong'oneza kwa sauti yake ileile ya chini. Nikatoka, nikahesabu hatua bila kukusudia, nikainama juu ya mzee.

"Anasema ukuta umekauka," nikamwambia. "Anasema ndaga fijo."

Watu walikuwa wananisubiri nyuma nipishe njia. Nami nilibaki nimesimama kidogo, kwa mazoea tu, nikingoja jibu la kurudisha.